Mtamba kafa, tumboni kumekutwa betri. Maziwa ya wenzake tuendelee kunywa?

Mfugaji_Mingoyo (mleta uzi), Jumatatu saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Huwa nasoma tu humu na kupita, leo nimebanwa imebidi niandike.

Nipo Mingoyo, Lindi, upande wa bondeni kuelekea Mto Lukuledi. Nilikuwa na ng'ombe sita, sasa watano. Wanaokamuliwa ni wawili, Mwasiti na Sikujua. Asubuhi na jioni nikijumlisha napata lita kumi na moja. Nauza mbichi, elfu mbili lita, kwa majirani na kwa akina mama wawili wa chai pale Mnazi Mmoja.

Jumatano iliyopita mtamba wangu Chausiku aliamka hataki kula. Anasaga meno, unamsikia mpaka kibarazani. Mchana akaanza kuzunguka upande mmoja, akagonga mwembe, akarudi nyuma, akaugonga tena uleule. Hapo nikajua haoni. Nikampitishia mkono mbele ya macho, hapepesi. Wazee wakasema kichaa cha mbwa, jirani mmoja akasema nimechezewa. Ijumaa alfajiri nikamkuta kalala miguu imenyooka.

Bwana mifugo akaja akampasua. Kwenye lile tumbo dogo lenye vyumba kama sega la nyuki akatoa msumari, kipande cha waya, na vipande saba vya kitu cha kijivu, vyembamba, vina matundu kama wavu. Akakwangua kimoja kwa ncha ya kisu. Pale kisu kilipopita pakang'aa kama kijiko kipya. Akakipinda kwa vidole viwili kikapinda. Akasema haya ni madini ya risasi, siyo ya bunduki, betri ya gari hii.

Akaniambia niwafungie wengine wasishuke bondeni. Kuhusu maziwa akasema subiri kwanza, nitakujibu. Nimesubiri. Ila wakuu, nisiwafiche, nimeendelea kuuza. Leo siku ya nne. Maziwa hayana harufu wala rangi, laktomita inasoma 30 kama siku zote, ukiyachemsha hayakatiki. Mwasiti na Sikujua wanakula majani vizuri tu.

Kuna shida hapo? Na kama ipo, yakichemshwa sana si inaisha?

---

Siti_ya_Mbele, saa 3:15 usiku

Nimewahi siti. Ngoja waje wajuzi.

---

Tembo_wa_Liwale, saa 3:31 usiku

Pole kwa Chausiku mkuu.

Hayo wataalamu wanayaita madini tembo, yaani metali nzito zenye sumu kama hiyo risasi. Sisi wa Liwale tuna tembo anayemaliza mihogo usiku, tuna tembo la mnazi linalomaliza hela mchana, sasa mnatuletea na tembo wa kwenye maziwa. Tukimbilie wapi?

---

KoroshoGhafi, saa 3:50 usiku

Niko Newala. Mimi siamini habari ya betri. Angalia salfa. Kuanzia mwezi wa sita huku mashine zinanguruma alfajiri nzima, ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, ukigusa maua umekula hasara, kwa hiyo kila mtu anapuliza. Unga unatanda kwenye majani yote chini ya mikorosho, na mifugo inalishwa humohumo. Mwaka juzi jirani yangu alipoteza mbuzi watatu, wote waliyumba kwanza kama walevi. Mnatafuta madini ya ajabu wakati sumu tunaipuliza wenyewe.

---

Mwl_Kemia, saa 4:20 usiku

Mleta uzi, nianze na la kuchemsha kwa sababu hilo watu wataling'ang'ania.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Brusela, kifua kikuu cha ng'ombe, hao moto unawamaliza. Risasi haina uhai wa kuuawa. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 327, maziwa yako yanachemka kwenye mia na kidogo. Ukiyachemsha muda mrefu unachopunguza ni maji, risasi inabaki ileile ndani ya maziwa machache zaidi. Kwa hiyo umeikoleza.

Laktomita inapima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji, kazi yake ni kumkamata aliyechanganya maji ya kisima. Kipimo cha spiriti kinakamata maziwa yaliyoanza kuchacha. Pua na ulimi ndio kabisa. Maziwa yanaweza kufaulu mitihani yote mitatu huku yamebeba risasi.

Kiwango cha Codex, kanuni za chakula za kimataifa, kwa risasi kwenye maziwa ni miligramu 0.02 kwa kilo moja. Ili uone udogo wake: gramu moja ya risasi ina ukubwa wa punje moja ya mbaazi. Gramu hiyo ingetosha kufikisha kiwango hicho kwenye kilo 50,000 za maziwa. Wewe na lita zako kumi na moja ungekamua miaka kumi na miwili.

Na betri moja ya gari dogo ina kilo nane mpaka kumi za risasi.

---

Siti_ya_Mbele, saa 4:24 usiku

Miaka kumi na miwili kwa punje ya mbaazi 😳

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 5:05 usiku

Nimetibu ng'ombe mikoa hii ya kusini tangu mifugo haijawa mingi hivi. Mleta uzi, acha kuuza leo. Usisubiri kesho asubuhi.

Sasa nieleze. Dalili ulizoandika, kusaga meno, upofu wa ghafla wakati jicho lenyewe ni zima, kuzunguka, kugonga mti uleule, hizo ni za risasi kama zilivyoandikwa kitabuni. Ila kichaa cha mbwa kinaweza kufanana nazo, maji moyo, ule ugonjwa wa kupe, yanaweza kufanana nazo, kwa hiyo wazee wenu hawakukosea kuogopa. Mwenzangu aliyempasua alijihatarisha. Ng'ombe mwenye dalili za kichwa huingizi mkono mdomoni mwake kumkagua, na akifa huanzi na kisu.

Newala, ndugu yangu wa salfa: salfa si metali, haimo kwenye hesabu ya madini tembo. Lakini hujasema upuuzi. Ng'ombe au mbuzi akila salfa nyingi, tumboni inageuka gesi mbaya, na ubongo unaweza kuharibika akawa kipofu vilevile. Mbuzi wa jirani yako inawezekana kabisa. Kwa Chausiku lakini tuna vipande saba mezani, tusitafute mchawi mwingine.

Mwalimu, hesabu yako safi ila tumbo la ng'ombe si bomba. Risasi aliyokula, sehemu kubwa inatoka na mavi. Kidogo ndicho kinachoingia kwenye damu, na cha kwenye damu kingi kinakwenda kwenye figo, ini na mifupa. Kinachofika kwenye kiwele ni kidogo zaidi. Tatizo ni kwamba, kama ulivyoonyesha mwenyewe, kidogo kinatosha.

Wafugaji wengi wanakosea hapa: wanamtazama aliyekufa, waliobaki wakila majani wanahesabiwa wazima. Ng'ombe mkubwa anaweza kuwa na risasi kwenye damu asionyeshe dalili hata moja, anacheua, anakamuliwa. Ndama na mitamba ndio wanaoanguka kwanza, kwa sababu miili yao inafyonza zaidi na ndio wanaolambalamba kila kitu. Kwa hiyo Mwasiti kula vizuri hakunipi taarifa yoyote.

Fanya hivi. Nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri, waambie neno risasi waziwazi, watoe damu kwa wote watano na sampuli ya maziwa kwa wawili, kila mmoja chupa yake, usichanganye. Chupa ziwe mpya za plastiki. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Mtwara, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hukohuko Mtwara. Wakikuambia sampuli inasafirishwa kwenda kwingine usishangae, kipimo chenyewe kinataka mashine maalumu.

Dawa ipo, ya kuivuta risasi kwenye damu, ila ni ghali na kuipata huku ni kazi. Chumvi ya Epsom huifunga risasi iliyobaki tumboni isifyonzwe. Mwachie daktari apime kiasi, usiikoroge mwenyewe kwenye ndoo.

Na ndama wa Mwasiti, kama ananyonya, naye ni mteja wako. Umemsahau.

---

Mama_Zulfa, Jumanne saa 12:10 asubuhi

Nimeletewa uzi huu na mwanangu. Nauliza: ni wewe unayemletea maziwa muuza chai mwenye meza ya bluu, pale mkabala na stendi?

---

Mfugaji_Mingoyo, saa 12:48 asubuhi

Shikamoo mama. Ndiyo mimi.

Asubuhi hii sikupeleka. Nimekamua nimemwaga.

---

Mama_Zulfa, saa 1:02 asubuhi

Marahaba.

Mjukuu wangu ana mwaka na miezi minne. Kila asubuhi anakunywa kikombe cha maziwa yako, mimi mwenyewe nayachemsha, mimi mwenyewe nampoza. Jumamosi amekunywa. Jumapili amekunywa. Jana amekunywa.

Siku nne, mwanangu. Siku nne ulijua.

---

Mfugaji_Mingoyo, saa 1:20 asubuhi

Sina la kujitetea mama. Nilijiambia bwana mifugo atajibu kesho, kesho ikawa kesho. Nakuja nyumbani.

---

Sauti_ya_Nachingwea, saa 2:15 asubuhi

Kusini hatukuwa na ng'ombe, wameletwa na wahamiaji kutoka Usangu ile 2006 na 2007, ndio maana

*[Mchango umekatwa. Mod: nimefuta mitatu mingine ya namna hii. Ugomvi wa wakulima na wafugaji una uzi wake, hapa kuna mtu ana mtoto wa kumpeleka hospitali.]*

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 2:40 asubuhi

Mama Zulfa, mimi ni wa mifugo, watoto ni wa madaktari wa binadamu. Ila naomba nikupunguzie presha. Siku nne za maziwa ambayo hata hatujui kama yana kitu ni habari ya kwenda kumuona daktari, siyo ya kuanza kulia. Ukifika mwambie neno risasi, usiseme sumu tu, kwa sababu risasi ina kipimo chake cha damu. Shirika la Afya Duniani linasema damu ya mtoto ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo lazima kitafutwe na kiondolewe. Wanasema pia hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kufyonza mpaka nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima kama moja ya kumi. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu kinasaidia mwili wake usiipokee kirahisi: dagaa, kunde, mboga za majani. Hivyo unavyo nyumbani.

---

Msaka_Skrepa, saa 4:33 asubuhi

Nawasoma tangu jana. Naomba nami niseme, maana kazi hii nimeifanya miaka tisa, Mtwara mpaka Masasi.

Betri iliyokufa ina soko. Inanunuliwa kwa kilo na inatakiwa isafiri nzima, na asidi yake ndani. Hiyo ndiyo njia ya halali. Lakini pwani kuna mteja mwingine anayelipa hapohapo: mvuvi. Anataka chubwi, vile vizito vya mshipi, na risasi za kamba ya wavu. Basi fundi anapasua betri kwa shoka, asidi anaimwaga chini, anatoa zile sahani, anaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Mchangani anatoboa mashimo kwa kidole, anamimina. Ikipoa, chubwi tayari. Kile cheusi kinachoelea juu anakikwangua kwa kijiti anatupa pembeni. Vipande vidogo vya sahani havina kazi, navyo vinatupwa.

Mavumbi yale meusi yana chumvichumvi. Nimeona kwa macho yangu mbuzi wanayalamba kama magadi.

Mleta uzi, sahani yenye matundu kama wavu haitoki barabarani. Kwenye hilo bonde lako kuna mtu anasubu chubwi. Katafute.

---

Mfugaji_Mingoyo, saa 9:55 alasiri

Nimetafuta. Sikwenda mbali.

Kutoka pale ninapofunga ng'ombe mchana mpaka kwenye mkwaju ni hatua themanini na kitu, nimezihesabu. Chini ya mkwaju kuna mafiga matatu, sufuria iliyotoboka, na maganda meusi ya betri nimehesabu kumi na nne nikaacha. Ganda moja limewekewa maji ya kuku. Kuna lundo la lile jivu zito, mvua ya masika imelisukuma mpaka kwenye majani, mstari wake unauona. Nyayo za ng'ombe wangu zimejaa hapo. Chausiku alikuwa anapenda kulala chini ya ule mkwaju, mimi nikidhani anafuata kivuli.

Fundi ni shemeji yangu. Wavuvi wa hapa wanamjua, hata mimi nilikuwa najua anauza chubwi. Sikuwahi kujiuliza anazitoa wapi.

Nilipomweleza alicheka, akasema shemeji wewe na uzi wako. Nikampa simu akasoma mwenyewe ule mchango wa Msaka_Skrepa. Akasoma mpaka mwisho, akaacha kucheka. Ana watoto wanne. Wa mwisho ana miaka mitatu, na hapo kwenye jivu ndipo anapochezea, ana vigari vyake vya vifuniko vya betri.

---

Mwl_Kemia, saa 10:30 alasiri

Mkuu, sasa habari imegeuka. Maziwa yamekuwa namba mbili.

Kenya, pale Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi ya watu. Watu waliugua, watoto walikutwa na risasi kwenye damu, na 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Zambia, Kabwe, mgodi wa risasi ulifungwa 1994 na mpaka leo udongo unawatesa watoto. Risasi ya udongoni haiozi.

Hao wanne wa shemeji yako wapimwe kabla ya ng'ombe.

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 11:04 jioni

Naunga mkono. Ng'ombe amewapigia filimbi tu. Na kuku wa hapo je, na mayai yao? Nguo anazovaa shemeji wakati wa kuyeyusha zisiingie ndani wala kufuliwa pamoja na za watoto. Jivu msilifagie kavu, lilowesheni kwanza. Asidi iliyomwagwa na udongo wake mwiteni afisa mazingira wa halmashauri, hilo halitaki koleo na ujasiri.

---

Mchimbaji_Ruangwa, Jumatano saa 1:17 usiku

Wataalamu mkimaliza hao na sisi mtutazame. Huku Namungo tunatumia zebaki kukamatia dhahabu, na ng'ombe wa watu wanakunywa kwenye madimbwi ya kuoshea. Maziwa yake je?

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 2:20 usiku

Zebaki ina tabia zake. Mkiichoma ili ibaki dhahabu, moshi ule anauvuta anayechoma na aliyelala chumba cha pili. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza, kwako na kwa mkeo kabla ya ng'ombe yeyote. Inayoingia majini hugeuka na kujilimbikiza kwa samaki. Kwenye maziwa ya ng'ombe hupita kidogo.

Ila usiishie kwenye zebaki. Mwaka 2010 kule Zamfara, Nigeria, walikufa watoto zaidi ya 400 kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo, na iliyowaua ilikuwa risasi. Mwamba wa dhahabu wa kule ulikuwa na risasi nyingi, wakawa wanausaga majumbani. Mwamba wenu sijui una nini, ndiyo maana nasema mashine ya kusagia isikae uani na dimbwi lizungushiwe miiba.

Kadimiamu, madini tembo mengine, nayo nimeulizwa inboksi: inapenda figo, kwenye maziwa inapita kwa shida sana. Anayekula figo za ng'ombe mzee kila wiki ndiye aulize.

---

KoroshoGhafi, saa 2:41 usiku

Basi tuache maziwa ya kienyeji, tunywe ya pakiti yaishe.

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 2:58 usiku

Hapana bwana. Ng'ombe anayelishwa mahali safi, maziwa yake ni safi, na kusini tunakunywa maziwa kidogo mno hata hayo yaliyopo. Mimi nakunywa ya jirani kila siku. Tofauti ni kwamba nalijua zizi lake, najua ng'ombe wanapita wapi, na najua hana lundo la skrepa. Ukinunua maziwa nenda katazame wanakolala na wanakolishwa, acha kunusa kidumu.

---

Bint_Mikindani, saa 3:30 usiku

Swali la jikoni. Bibi yangu anagandisha mtindi kwenye sufuria za kusubu, zile nzito za mafundi wa mtaani. Naona hapa mnasema fundi anayeyusha kila kitu.

---

Mwl_Kemia, saa 3:44 usiku

Swali zuri kuliko unavyodhani. Sufuria hizo zinasubiwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganyika, vipande vya injini, rejeta, makopo, na risasi inaweza kuwemo. Vipimo vya nchi mbalimbali vimeonyesha baadhi yake hutoa risasi kwenye chakula, na kitu kichachu kinaivuta zaidi. Mtindi ni mchachu na unakaa humo usiku kucha. Mhamishie bibi kwenye kibuyu, chungu kisichopakwa rangi, chombo cha kioo au stenlesi. Ya wali asiipeleke jalalani kwa hasira, ila mtindi na ukwaju aviondoe humo.

---

Bint_Mikindani, saa 3:50 usiku

Kibuyu anacho! Ameweka mbegu za maboga.

---

Mfugaji_Mingoyo, wiki tano baadaye, Jumapili saa 2:05 usiku

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi inboksi.

Mjukuu wa mama Zulfa kapimwa, damu ilisafirishwa, majibu yalikuja chini ya ile 5. Mama aliniambia mwenyewe, kwa simu, kisha akakata. Sijampelekea maziwa tena wala hajaomba.

Watoto wa shemeji wawili wako juu. Yule wa miaka mitatu ndiye juu zaidi. Yuko chini ya madaktari, sitaandika zaidi ya hapo, ni mtoto wa watu. Pale chini ya mkwaju afisa mazingira alikuja, udongo umechotwa kwenye viroba na familia ya shemeji imehama nyumba kwa muda, wako kwangu. Shemeji sasa anauza betri nzima kwa wanunuzi wa skrepa, na wavuvi wanalalamika chubwi zimeadimika.

Ng'ombe: watano wote walitolewa damu. Watatu wakavu wako sawa. Sikujua maziwa yake yako chini ya 0.02. Mwasiti amevuka, na damu yake imevuka. Mwasiti huyohuyo anayekula kuliko wote, manyoya yanang'aa, ndiye niliyekuwa nawaonyesha wateja.

Wateja niliwapitia mmoja mmoja. Nilirudisha hela za siku nne, elfu themanini na nane, sikubakiwa na ya pumba. Mama wa meza ya bluu alikataa kupokea, akasema nenda kamnunulie mtoto dagaa. Mwingine alipokea na maneno juu yake, nayo nikayapokea.

Swali: Mwasiti nimfanyeje? Nimkamue mpaka lini?

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 2:50 usiku

Umefanya vizuri kurudi.

Mpime tena baada ya miezi miwili, kisha tena. Damu hushuka polepole, na kama kuna kipande kimebaki kwenye lile tumbo la sega kitaendelea kumlisha risasi kila siku, kwa hiyo usiniulize tarehe. Iliyoingia kwenye mfupa ina deni jingine: akizaa tena, mwili utachota kalsiamu kwenye mifupa ili utengeneze maziwa, na risasi itachotwa pamoja nayo. Majibu mazuri ya leo yasikufanye umwamini siku atakayozaa. Ndama wake mpe ya Sikujua.

---

Mfugaji_Mingoyo, saa 3:10 usiku

Kuna mtu wa bucha amekuja mara mbili. Anasema nyama haina shida, anatoa laki tisa. Ananiambia hata usimwambie mtu.

---

BwanaMifugo_Mstaafu, saa 3:16 usiku

Risasi iko kwenye ini, figo na mifupa. Atamuuzia nani maini? Mama Zulfa?

---

Mfugaji_Mingoyo, saa 3:18 usiku

Nimemkatalia. Nilikuwa nataka tu niisikie kwa mtu mwingine.

Mwasiti yuko nyuma ya nyumba, kafungwa peke yake, namletea majani ya kukata kutoka upande wa barabara. Namkamua asubuhi na jioni ili kiwele kisivimbe, namwaga kwenye shimo. Lita sita kwa siku. Paka wa mtaa mzima wameshajua saa, naweka bati juu.

---

Msaka_Skrepa, saa 3:25 usiku

Hilo shimo na kisima viko vipi?

---

Mfugaji_Mingoyo, saa 3:41 usiku

Nimetoka na tochi kwenda kuangalia. Shimo liko juu, kisima kiko chini yake, kama hatua ishirini.

Alfajiri nachimba upande wa pili.